Naomba ushauri: kutambua mbegu bora za musine

Hamjambo wakulima wenzangu. Nina kitalu cha miche hapa Kakamega, na wateja wanaulizia sana musine, ule mti wataalamu wanaouita Croton megalocarpus. Mbegu naziokota chini ya miti. Shida ni kwamba musine na musutsu (Croton macrostachyus) zimeota pamoja na matawi yako juu mno, majani siyafikii.

Kwa ninavyojua, tunda la musine ni gumu kama mti, rangi ya kijivu, na ukilipasua unakuta mbegu tatu, kila moja chumbani mwake. La musutsu ni dogo mno, kama punje ya njegere, na huning'inia kwenye shada refu. Majani ya musine yana rangi ya fedha upande wa chini. Ya musutsu hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kudondoka. Hapo sina wasiwasi.

Kinachonisumbua ni ubora. Mbegu hizi zina mafuta mengi na haziwekeki muda mrefu. Je, kuzitumbukiza kwenye maji na kutupa zinazoelea kunaaminika kwa mbegu yenye mafuta? Na tunda lililokwisha kuanguka, mnajuaje mbegu zake bado zinafaa kupandwa? Waliootesha musine, tafadhali nielekezeni, nataka kumpa mteja mche wa uhakika.