Kasino za mwenye mmoja, kadi moja, heshima tofauti: tupeane uzoefu

Mzee wa Lori
Wakuu, salaam. Jana jirani yangu hapa Ohio kanitolea kadi yake ya Caesars Rewards, ile ya wateja wa kasino za Caesars, anajigamba yuko daraja la Diamond, eti jengo lolote la kampuni ile anaingia kama kwa mjomba. Waliopita Las Vegas tusimulieni: ni kweli unapokelewa sawa kila mlango?

Nesi wa Zamu
Mwambie jirani atoe hesabu kwanza. Diamond ni pointi 15,000 za daraja kwa mwaka, na sloti inatoa moja kwa kila dola 5. Hizo ni dola 75,000 zimezunguka kwenye mashine. Video poka ndiyo usiseme, dola 10 kwa pointi. Januari unaanza upya.

Kibopa Mstaafu
Kadi ni moja, ofa si moja. Daraja unatembea nalo, ila vyumba vya bure vinafuata ulipochezea. Ukikesha Excalibur ya bei poa usitegemee Bellagio ya kifahari wakutumie barua, hata kama zote ni kasino za kampuni ya MGM.

Nesi wa Zamu
Nakazia.

Mtoto wa Kariakoo
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa nafuata mzigo Guangzhou, nikavuka hadi Macau kutembea. Pale kuna Venetian, na Las Vegas kuna Venetian. Hata enzi zote mbili zikiwa za kampuni ya Sands, Vegas walikuwa na kadi ya Grazie na Macau walikuwa na ya kwao. 2022 Sands wakauza ile ya Vegas, basi limebaki jina tu. MGM Macau nao walikuwa na kadi yao ya Golden Lion, tofauti na MGM Rewards ya Marekani.

Kibopa Mstaafu
Na Cosmopolitan je? MGM walianza kuiendesha 2022, lakini kadi yake ya Identity ikaendelea hadi 2024. Mlango wa pili tu kutoka Bellagio, pointi za huku zilikuwa hazihesabiki kule. Kasino ya Rio ilikuwa kinyume: Caesars waliiuza 2019, wakabaki kuiendesha hadi 2023, kwa hiyo mwenye nyumba mwingine, kadi ileile.

Baba Junior
Acheni pointi, nyie. Mimi kadi nusura initoe kwangu. Nilikuwa napeleka mizigo Utah, nikirudi nalala Vegas, nyumbani najua mwenyewe nilichosema. Kampuni moja ina hoteli ya kifahari na nyingine ya walalahoi. Ile ya kifahari nilikula chakula cha maana, nikacheza kidogo, kimya hadi leo. Ile ya walalahoi nilikaa kwenye mashine za senti hadi alfajiri. Basi wakanipenda! Bahasha za rangi zikaanza kuja nyumbani. Siku moja narudi, Mama Junior kakaa mezani, bahasha imefunguliwa. "Hawa waliokumisi ni akina nani? Wanakuita ukalale siku mbili bure." Nikamwambia ni matangazo, wanatuma kwa kila mtu. Akageuza karatasi: jina langu kamili, namba ya kadi, na salio la pointi. Salio, jamani! Akauliza, "Na hizi pointi ulizipataje kwa matangazo?" Nililala sebuleni.

binti_pwani
😂😂😂 Mama Junior ni mpelelezi!

Mkenya Dallas
Wueh! Huyo mama apewe Seven Stars, daraja la juu kabisa la Caesars.

Ustadh wa Mtandao
Mnacheka, ila kamari ni haramu na huyu anamdanganya mkewe hadharani.

Kibopa Mstaafu
Ustadh, uzi una kichwa cha habari. Umeingiaje?

Ustadh wa Mtandao
Kama wewe ulivyoingia kasino, kwa miguu.

Mkenya Dallas
Hapo ametoboa. Lakini Baba Junior, si ungeandikisha anwani ya yadi ya malori?

Nesi wa Zamu
Anwani ya kazini ndio mbaya zaidi, bosi ataona. Chagua baruapepe tu.

Mtoto wa Kariakoo
Usichukue kadi kabisa. Cheza, kula, ondoka.

Kibopa Mstaafu
Bila kadi utachomwa maegesho. Kwa MGM ukifika daraja la Pearl tu unaegesha bure. Na ukija kujaza kodi, kadi ndiyo inayotoa taarifa ya ulichokula na ulicholiwa.

binti_pwani
Tuache kodi. Zile siku mbili za bure ziliishaje?

Baba Junior
Tulienda wote. Chumba bure kweli, ada ya risoti tukalipa kila usiku. Mama Junior naye kachukua kadi yake.

Nesi wa Zamu
Ukiwa daraja la Gold la MGM hiyo ada hulipi.

Baba Junior
Mwambie yeye, sasa ndiye mwenye pointi nyingi.

Ustadh wa Mtandao
Innalillahi.