Mliowahi kuhariri makala za filamu kwenye kamusi elezo, tupeane uzoefu

Kibatari cha Keko

Wakuu, salaam. Jana usiku napitia mabadiliko ya karibuni kwenye Wikipedia ya Kiswahili nikakuta wadau wameanza tena: makala za filamu ziwe na utaratibu mmoja. Jina liandikweje, mwaka uhesabiwe kuanzia wapi, muhtasari wa hadithi uwe na urefu gani, waigizaji waorodheshwe wote au wale wa kwenye kava tu. Nikacheka peke yangu. Mwenzenu niliwahi kuvimbiana na mtu mpaka alfajiri, kisa mabano.

Ilikuwa Vuta N'Kuvute. Mnajua ipo riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na ipo filamu ya Amil Shivji ya 2021. Mimi nikashikilia jina tupu libaki kwa riwaya, filamu ndiyo iongezewe "(filamu)". Jamaa akashikilia kwamba siku hizi wanaotafuta wanatafuta filamu, kwa hiyo riwaya ndiyo ivishwe mabano. Akahamisha ukurasa. Nikaurudisha. Akauhamisha tena. Viungo vikavurugika, ukawa ukibofya jina la kitabu kwenye makala ya mwandishi unaletewa orodha ya waigizaji. Akaja wa tatu, mtu mzima mstaarabu, akasema zote mbili zivae mabano na jina tupu liwe ukurasa wa kuchagulia. Tukaacha kugombana, tukamgeukia yeye.

Nyie mlikutana na yapi?

Mama Tutu

Mabano yamevunja urafiki mwingi. Naweka kiti hapa nisome.

Gwiji wa Kanda

Umenigusa pabaya. Tulikuwa na kijana mmoja mchapakazi kweli, anamwaga makala za filamu za Kichina na Kihindi kila uchao. Muhtasari mtamu balaa, unasoma mpaka unasahau chai. Siku nikakaa kuziangalia filamu zenyewe, nikaona mbona haya mambo hayamo? Yule mzee mwenye ndevu nyeupe haitwi hivyo, na wala hakuna mahali anapomwambia mkwewe arudishe ng'ombe wa mahari. Kumbe kijana alikuwa anaandika alivyosimuliwa na mtafsiri! Wa enzi za Lufufu, yule aliyekuwa akitusimulia sinema za nje kwa Kiswahili, mnanielewa. Sinema ukiisikia kwa Lufufu ni nyingine kabisa. Kenya nako wana DJ Afro.

Pale ndipo tulipokubaliana muhtasari utoke kwenye filamu yenyewe, siyo kwenye sauti iliyopachikwa juu yake. Na kwa kuwa filamu ndiyo chanzo, muhtasari hauhitaji tanbihi kila sentensi. Tuzo, mapato, maoni ya wahakiki, hayo ndiyo yadaiwe chanzo cha nje. Na IMDb, ile tovuti ya taarifa za filamu, isihesabiwe, kule kila mtu anaweza kujipelekea taarifa zake.

Msanii wa Umoja

DJ Afro mwachieni bwana, huyo ni wetu. Mimi filamu ya karate nikiitazama bila yeye naona ni kama sauti imeharibika.

Halafu kanuni yako ina shimo. Chukua Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, ile ya 2010. Utamtoaje VJ Emmie, msimulizi wake? Dunia nzima imeijua filamu ile na sauti yake ikiwa ndani.

Gwiji wa Kanda

Pale msimulizi yumo kwenye toleo lililotolewa na wenye filamu. Aandikwe. Lufufu aliongezea sauti kazi za watu wengine. Hizo ni mbingu na ardhi.

Msanii wa Umoja

Sawa, hiyo nakupa.

Yangu mimi ilikuwa ya nchi. Nairobi Half Life, 2012, mwongozaji David "Tosh" Gitonga. Mji ni Nairobi, lugha ni zetu, na Kenya ndiyo iliyoipeleka kugombea Oscar. Nikaandika nchi: Kenya. Kesho yake napata mtu ameweka Ujerumani mbele, ati kwa sababu kampuni ya Tom Tykwer, mwongozaji wa Kijerumani, ilishiriki kuitengeneza. Kushiriki sikatai. Lakini watangulie? Tulibishana mpaka mmoja akachoka akasema tufuate alfabeti. K na U, nani anatangulia? Nililala usingizi mnono siku hiyo.

Mchaga wa Marangu

Wakenya bwana. Kilimanjaro nayo mlianza hivi hivi.

Msanii wa Umoja

Nilijua tu utakuja.

Mchaga wa Marangu

Na Hatari! ya 1962, ile ya John Wayne, iliyopigwa Arusha, semeni nayo ni ya Nairobi.

Gwiji wa Kanda

Hatari! ni ya Marekani, na ubishi huu ndio uliofanya kigezo, kile kisanduku cha taarifa kwenye makala, kiwe na mistari miwili: nchi ya filamu, na mahali ilipopigwa. Arusha inakaa mstari wa pili kwa heshima zote. Turudi kwenye mada.

Nyota ya Pwani

Mie tarehe ndiyo iliyonitoa jasho. Filamu ya Rafiki, aliyoiongoza Wanuri Kahiu, ilionyeshwa Cannes Mei 2018, na kwao Kenya tayari ilikuwa imepigwa marufuku. Septemba mwaka huo huo mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba tu. Haya, kwenye kisanduku pale "tarehe ya kutoka" utajaza nini? Kuna aliyeandika "haijatoka". Haijatoka vipi na watu wanapanga foleni Nairobi kuikatia tiketi! Mwengine akaandika ya Septemba. Mwengine akaandika zote mpaka kisanduku kikawa kirefu kuliko makala.

Tukamaliza hivi: mwaka wa filamu ni ule ilipoonyeshwa hadharani mara ya kwanza, popote pale, hata kama ni tamasha. Yaliyobaki yaelezwe kwa aya, maana marufuku na siku saba ni habari, si namba ya kujaza. Imetusaidia hata kwa filamu zinazoanzia ZIFF, tamasha la filamu pale Zanzibar, kabla ya kufika kumbi za Dar.

Mama Tutu

Na zile za Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2? Hizo mnazifanyaje?

Kibatari cha Keko

Makala mbili. Kila moja ina kava lake na iliuzwa peke yake.

Gwiji wa Kanda

Makala moja! Hizo zilipigwa siku zile zile, kwa nguo zile zile. Msambazaji kaikata pale mtu anapoinua bastola ili ukanunue DVD ya pili. Kamusi elezo haikuwekwa ili ifuate bei ya Kariakoo.

Kibatari cha Keko

Kwa hiyo kava la pili unalitupa?

Gwiji wa Kanda

Kava lenyewe unaliweka kwa haki ipi? Commons, ghala la picha la Wikipedia, hawapokei kava lenye hakimiliki. Waingereza kwenye Wikipedia yao wanaruhusu moja dogo lililofifishwa, tena kwa maelezo ya kwa nini linahitajika. Wewe unapandisha kava mbili zinazotosha kubandika ukutani.

Mvuja Jasho

Sikutaka kuandika, ila mmetaja kava na ukuta, jasho likanitoka.

Miaka kadhaa nyuma mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani na furaha isiyo ya kawaida. "Mjomba, nimepata nafasi kwenye muvi." Nikamuuliza muvi gani, akanitajia. Sijaisikia. Akaniambia mbona ipo kwenye kamusi elezo, akanifungulia simu. Kweli ipo. Kisanduku kimejaa: mwongozaji, waandishi, waigizaji maarufu kutoka nchi tatu, bajeti ambayo kwa Bongo ingekuwa gumzo la mwaka, tarehe ya kutoka "hivi karibuni". Bango lipo. Chini kuna marejeo, yamepangwa vizuri kuliko ya baadhi yetu humu.

Nikamuuliza umelipa chochote? Kimya. Dada akajibu kwa niaba yake: shilingi 50,000 ya usaili, na wameambiwa ikija "kambi" kuna nyingine. Na hakuwa peke yake, kulikuwa na foleni ya mabinti ngazi nzima.

Usiku huo nikaingia kwenye historia ya ukurasa. Akaunti iliyouanzisha haikuwa na kazi nyingine yoyote, ni makala hiyo tu. Nikabofya rejeo la kwanza: blogu. Blogu imeandika nini? Imenakili makala yenyewe neno kwa neno, hadi kosa la herufi kwenye jina la mwongozaji. La pili likanipeleka ukurasa wa Facebook ambao nao unasema "kama ilivyoandikwa kwenye kamusi elezo". Wanazunguka mduara, makala inaitegemea blogu, blogu inaitegemea makala. Bango nikalikuza. Yule dada wa mbele ana mkono wa begani usio wake, rangi mbili tofauti, na kivuli cha kila mtu kinaangukia upande wake.

Nikaomba ifutwe. Mnajua nilichokutana nacho? "Mnabania wasanii chipukizi." "Ingekuwa ya Hollywood msingesema." Mmoja akaniambia nina wivu. Nikawaeleza kwamba toleo la Kiingereza halikubali makala ya filamu ambayo hata kamera haijaanza kupiga, haijalishi imetangaza majina gani. Wakanijibu hiyo ni ya Waingereza, sisi hatuna kanuni hiyo. Na kweli, hatukuwa nayo imeandikwa popote. Ikakaa pale watu wakiendelea kubishana, na ngazi ile ikiendelea kujaa.

Mwishowe ikafutwa. Nikaona nimeshinda. Nikaenda na shemeji kwenye ile ofisi kudai hela. Tunaingia, naona nini ukutani? Makala. Mwenye ofisi ameichapa kwa rangi, imepigwa laminesheni, imetundikwa juu ya kiti chake kama leseni ya biashara. Akanionyesha kwa kidole, "Mzee, sisi tunatambulika kimataifa." Nikamwambia ukurasa umefutwa. Akacheka. Nani atakwenda kuangalia?

Mama Tutu

Uwiiii! Laminesheni tena!

Nyota ya Pwani

Subhanallah. Na hela mlirudishiwa?

Mchaga wa Marangu

Taja jina mkuu, usituache hewani.

Mvuja Jasho

Jina sitaji. Nusu ilirudi, shemeji ana mwili na siku hiyo hakuwa na haraka. Nyingine ikaahidiwa Ijumaa. Tuliporudi Ijumaa pale pamekuwa saluni.

Msanii wa Umoja

Huyo jamaa mwenyewe ndiye angestahili filamu. Mimi ningelipa kuitazama.

Mchaga wa Marangu

Sehemu ya 1, inaishia laminesheni.

Kibatari cha Keko

Ila wakuu tusiwachinje chipukizi wote kwa ajili ya tapeli mmoja. Toleo la Kiingereza linataka filamu iwe na uhakiki kamili wa wahakiki wanaojulikana kitaifa, angalau wawili. Filamu ngapi za Bongo za miaka ile zilihakikiwa gazetini hivyo? Mtaa mzima umeiona na ukiniambia nilete wahakiki wawili nitakuletea nani, muuza DVD?

Gwiji wa Kanda

Hapo nakubaliana nawe, leo tu. Kipimo chetu kiwe kile kinachopatikana huku: gazeti lenye mhariri, katalogi ya tamasha, usajili wa Bodi ya Filamu, utafiti wa chuo. Viwili kati ya hivyo, visivyonakiliana. Kamera kutoanza kupiga, hilo halina msamaha.

Dogo wa Toronto

Nimechelewa uzi huu. Muhtasari uwe wa urefu gani sasa? Kuna mtu kaniandikia maneno elfu tatu ya filamu ya saa moja na nusu.

Gwiji wa Kanda

Kwenye Kiingereza ni maneno 400 hadi 700. Kwetu 300 yanatosha.

Mama Tutu

Mistari mitano. Tuna kazi za kufanya.

Nyota ya Pwani

Na mwisho musiufichue, watu wanataka kwenda kuiona.

Gwiji wa Kanda

Mwisho unaandikwa! Hii ni kamusi elezo, hatuuzi tiketi. Mtu anakuja kujua hadithi ilikuwaje, unamwachia nukta tatu na alama ya kuuliza kama nyuma ya kava.

Nyota ya Pwani

Basi siku ukiniharibia filamu ndugu yangu, tutaonana mahakamani nami niombe siku saba.

Dogo wa Toronto

Waigizaji nao? Mtu anaweka mpaka "mlinzi wa geti".

Kibatari cha Keko

Huyo mlinzi ndiye anayeandika makala, we hujui tu. Weka waliotajwa kwenye utambulisho wa filamu, basi. Ushauri wangu wa bure: hariri saa tisa usiku, wabishi wamelala.

Dogo wa Toronto

Saa tisa yenu kwangu ni saa mbili usiku, ndiyo nimetoka kazini na nimeshiba. Karibuni.

Mshale Filamu

Habari za jioni wakuu, sijasoma kurasa zote za nyuma ila naona hapa pana wataalamu. Mimi ni mtayarishaji chipukizi, nina filamu kali sana, naomba mmoja wenu anisaidie kuandika makala yake iingie kwenye kamusi elezo. Bango ninalo tayari.

Gwiji wa Kanda

Hongera. Imeonyeshwa wapi?

Mshale Filamu

Bado mkuu, ndiyo tunatafuta lokesheni.

Mvuja Jasho

Na usaili mnatoza shilingi ngapi?