Kuku ana kitu kama chunjua pembeni ya mdomo, ni ndui au nini?

Mfugaji_Moro: Wakuu habari za jioni. Nina kuku chotara wangu hapa Morogoro wana kama miezi mitatu, sasa kuna tetea mmoja kaota kitu kama chunjua pembeni ya mdomo, pale mdomo unapokutana na ngozi. Mwanzo kalikuwa kapele kadogo ka njano hivi nikajua kadonolewa na wenzake, saivi kamekuwa gamba jeusi gumu na kengine kameanza kwenye kope. Anakula ila anadokoadokoa tu. Jirani kasema ni mdondo (kideri) nichinje wote, mwingine anasema nipake mafuta ya taa. Msaada jamani

banda_la_uani: Mdondo hauji hivyo mkuu, ungekuwa mdondo saa hizi unazika nusu ya banda, shingo zimepinda na kinyesi cha kijani. Hiyo ni ndui. Mvua hizi mbu kibao na mbu ndio msambazaji, akimuuma mgonjwa anahamia kwa mzima. Kagua upanga (kile kishungi chekundu cha kichwani) na kope za wengine pia maana huwa haiishii kwa mmoja. Mafuta ya taa achana nayo kabisa, yakiingia jichoni je?

MamaVifaranga: Mfungue mdomo umulike na tochi ya simu. Ya nje inatisha kwa macho tu ila ya ndani ndo inaua, inaziba koo kuku anashindwa kula hata kupumua

Mfugaji_Moro: Nimemfungua dada, kuna utando wa njano chini ya ulimi, nikigusa na pamba hautoki. Halafu watoto wangu ndo wanaowashikashika hao kuku, hawatapata tetekuwanga?

MamaVifaranga: Watoto hawapati, ndui ya kuku haiambukizi watu, wanawe mikono tu kama kawaida. Huo utando usiubandue kwa nguvu, utatoka damu na kidonda kitaingia uchafu. Ndui ni virusi haina dawa, nyingi zinaisha zenyewe wiki tatu nne hivi. Wakikuuzia OTC (ile antibiotiki) ya kuweka kwenye maji jua inasaidia kwa bakteria wanaodandia vidonda, ndui yenyewe haiigusi. Mtenge huyo, chakula chake kilowanishe kiwe laini kama uji aweze kumeza, na vidonda vya nje paka iodini taratibu usiguse jicho. Magamba usibandue, yakidondoka okota uchome moto maana virusi vinakaa humo miezi na miezi

banda_la_uani: Naongezea, ambao hawajaota kitu wachanje mapema, bado una muda kama ni mmoja tu. Na sio chanjo ya kuweka kwenye maji kama ya mdondo, wengi wanachemka hapo, ya ndui inachomwa kwenye utando wa bawa na kale kasindano kenye ncha mbili. Siku ya 7 mpaka ya 10 rudi uangalie palipochomwa, ukikuta kauvimbe kenye gamba imeshika, ukikuta peupe rudia

Mfugaji_Moro: Asanteni sana. Dukani wana chupa ya dozi 1000, mi kuku wangu hata mia hawafiki 😅

MamaVifaranga: Hahaha tafuta wafugaji wa hapo mtaani mchange, ila wawe tayari siku hiyohiyo, ikishachanganywa ni ya kutumia ndani ya masaa mawili hivi, ya kesho mwaga