Naomba ushauri: John Cazale, Thelma Ritter au Walter Brennan?

Mwanzi: Waungwana, salaam. Nimeweka akiba ya kununua diski za filamu za mwigizaji msaidizi mmoja tu, na nimekwama kati ya hawa watatu. Nimchague yupi?

Kisima: Ndugu Mwanzi, jambo la msingi hujalisema. Unatafuta burudani, au unajifunza uigizaji? Na filamu zisizo na rangi unaziweza?

Tumaini: Mimi simwachi Cazale. Alicheza filamu ndefu tano tu, kuanzia The Godfather ya 1972 hadi The Deer Hunter ya 1978, na zote ziliwania Oscar ya filamu bora, ilhali yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja. Akiigiza hiyo ya mwisho alikuwa akiugua saratani ya mapafu, ndiyo maana vipande vyake vilipigwa kwanza. Alifariki Machi 1978, akiwa na miaka 42, kabla haijatoka. Katika Dog Day Afternoon anaulizwa angependa kukimbilia nchi gani, naye anajibu Wyoming, jimbo la Marekani hiyo hiyo, bila chembe ya mzaha usoni.

Bi Hanuni: Tumaini mwanangu, umemsahau Ritter, aliyeteuliwa mara sita asipate, nne kati ya hizo mfululizo kwa filamu za 1950 hadi 1953. Katika Pickup on South Street ni mchuuzi wa tai za shingoni aliyechoka, anayeweka akiba ili azikwe kwa heshima. Muuaji anapomkuta chumbani, santuri inazunguka kando ya kitanda, na mama yule hapandishi sauti hata kidogo.

Kisima: Yeyote utakayemchagua, kagua upana wa picha kwanza. Niliwahi kununua The Deer Hunter kwa muuzaji mmoja, nikakuta picha imekatwa pande zote mbili ili ijaze skrini ya televisheni za zamani. Staringi yuko katikati, salama, lakini Cazale aliyesimama pembeni amebaki bega na kipande cha sikio, na sauti yake inatoka mahali pasipo na mtu. Nilidai fedha zangu, nikajibiwa kwamba filamu ni ile ile. Kwa mwigizaji msaidizi si ile ile hata kidogo, kwa kuwa pembeni ndiko anakofanyia kazi.

Sadala: Mbona Brennan hatetewi? Alitwaa Oscar tatu za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, kisha akaingia televisheni na The Real McCoys, iliyoendelea kuanzia 1957 hadi 1963.

Tumaini: Ndugu Sadala, huko kwenye televisheni alikuwa babu mwenye nyumba, mhusika mkuu kabisa. Hilo halihesabiki.

Sadala: Linahesabika, kwa sababu ufundi aliokwenda nao huko aliupata katika nafasi ndogo.

Mwanzi: Samahanini, nilipaswa kueleza mapema. Nimepewa nafasi ya mtumishi katika tamthilia ya jukwaani, mwenye sentensi saba tu.

Bi Hanuni: Basi anza na Rear Window ya 1954, umtazame Ritter akimkanda mgonjwa mgongo huku akimsema, mikono haisimami.

Tumaini: Kwa heshima zote, Bi Hanuni, mwenye sentensi saba anahitaji kujua kusikiliza, na hapo narudi kwa Cazale.