Ulinganisho: kura ya wazi, kamati au mikutano ya mitaa? Njia ya kupata majina ya vituo vya treni ya mjini

MezaYaRamani (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wadau. Dodoma haina treni ya chini ya ardhi, na uzi huu hautangazi mradi wowote. Ila mji unatanuka kuelekea Mtumba, Iyumbu na Msalato, na siku reli ya mjini itakapochorwa, majina ya vituo yatawekwa na mchora ramani ili mchoro usikae mtupu. Majina hayo ya muda yana tabia ya kung'ang'ania. Yakishaingia kwenye mikataba na michoro ya umeme, hakuna anayetaka kuyagusa. Bora tulinganishe mapema.

Njia A: kura ya wazi. Kila mtu anapendekeza, jina lenye kura nyingi linapita.

Njia B: watu wanapendekeza, kamati inachuja, wananchi wanachagua kwenye orodha fupi.

Njia C: mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Ni ngazi zile zile tulizozizoea kwenye majina ya barabara wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022.

Ipi inazaa majina yanayotumika kweli? Naomba hoja zenye mifano.

---

ReliYaKati

Mkuu, kuna njia D umeisahau, nayo ndiyo inayotumika zaidi duniani: watu wanapendekeza, halafu mamlaka inachagua inavyotaka. Mwaka 2018 kampuni ya reli ya JR East, Tokyo, iliomba mapendekezo ya jina la kituo kipya kati ya Shinagawa na Tamachi. Yakaja 64,052. Lililoongoza ni Takanawa, lililotajwa mara 8,398. Kampuni ikatangaza Takanawa Gateway, jina lililokuwa nafasi ya 130 kwa mapendekezo 36. Kelele zake hazikuwa ndogo, maelfu wakatia saini kulipinga, na kituo kikafunguliwa Machi 2020 kwa jina hilo hilo.

Kampuni ilikuwa imesema mapema kwamba wingi hautaamua. Lakini ukitangaza idadi ya mapendekezo, msomaji anahesabu kura. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya tangazo iseme wazi: haya ni maoni, au hii ni kura. Ukichanganya, umejitafutia ugomvi bure.

Njia A nayo ina mtego wake. Mwaka 2016 Waingereza waliachia umma mtandaoni uipe jina meli ya utafiti, utani wa Boaty McBoatface ukaongoza, na meli ikaishia kuitwa Sir David Attenborough. Kwetu utani huo ungekuja kwa sura ya ushabiki. Fikiria kura ya wazi wiki ya mechi ya Simba na Yanga.

---

BiKauli

Mnalinganisha njia za kuhesabu wakati kasoro iko kwenye swali. Ukimuuliza mtu "unapendekeza kituo kiitwe nani?", anavaa suti. Anakuletea Umoja, Amani, Mapinduzi, au jina la kiongozi. Muulize hivi: "Ukiwa kwenye daladala unakuja hapa, unamwambia konda akushushe wapi?" Hapo anakupa jina lililopo tayari.

Mfano ni stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni. Kata ni Nzuguni, lakini kwa sababu ya viwanja vya maonesho ya wakulima, abiria wengi wanasema Nanenane. Njia A itakuletea majina kumi ya kupendeza, na kesho yake konda ataendelea kuita "Nanenane, Nanenane!"

Namna ya kufanya: watu 100 kwa kila eneo la kituo, waulizwe wakiwa ndani ya mita 400 kutoka mlango unaotarajiwa. 40 waulizwe saa 12 hadi saa 2 asubuhi, 30 mchana, 30 jioni. Mkiuliza mchana peke yake mtapata wenye maduka na mama lishe, mtawakosa wanaosafiri. Madereva wa boda na bajaji wasizidi 20 kati ya hao 100. Wanajua majina yote, lakini wana ya kwao ya kijiweni ambayo mgeni hayajui. Andika neno kama lilivyotamkwa, usilisahihishe hapo hapo. Jina likitajwa na zaidi ya 60, hakuna haja ya kura. Likipata 30 hadi 60, liingie orodha fupi pamoja na linalofuata. Hakuna lililofika 30? Eneo halina jina lililokaa, na hapo tu ndipo wananchi wabuni.

Kuna kitu cha kuangalia: barabara pana hugawa jina. Upande huu wanasema hivi, upande wa pili vile. Rekodi mhojiwa alisimama upande gani.

---

KibaoChuma

Nakazia hoja ya BiKauli, lakini jina la mdomoni lazima lipite kwenye kibao, kwenye spika na kwenye meseji. Nieleze moja moja.

Kibao. Kipimo cha kawaida cha wachora vibao ni inchi 1 ya urefu wa herufi kwa kila futi 10 za umbali, ndipo maandishi yasomeke bila kukodoa. Abiria aliye ndani ya behewa akisoma kibao kilicho mita 15, anahitaji herufi za karibu milimita 125. Upana wa herufi ni kama asilimia 60 ya urefu, yaani milimita 75. "Chuo Kikuu cha Dodoma" ina nafasi 21, kwa hiyo ni mita 1.6 ya maandishi bila ukingo. "Udom" ni sentimita 30. Treni ikiwa inapunguza mwendo, jina refu linakatwa na nguzo na watu waliosimama. Ukomo wangu ni nafasi 14.

Spika. Dodoma tuna Makole na Makulu, tuna Ipala na Ipagala. Soma hayo kwenye behewa lililojaa, milango inafungwa, mtoto analia. Sauti zinamezwa, majina yanasikika yale yale. Majina ya jozi moja yasikae kwenye njia moja bila nyongeza. Makulu ina bahati, jina lake kamili ni Dodoma Makulu. Jaribio ni rahisi: rekodi majina yote ya njia kwa sauti moja, yapige juu ya kelele za basi, watu 20 waandike walichosikia. Jina lililokosewa na watu zaidi ya 3 lirudi mezani.

Meseji na mfumo wa tiketi. Hapa ndipo Kigogo, lugha ya wenyeji wa Dodoma, kinapoonewa. Ng'hong'onha ina ritifaa mbili, na mtaani utaikuta pia kama Ng'ong'ona na Nghonghonha. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye seti ya kawaida ya herufi za meseji, ile ya nafasi 160. Ritifaa iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia hujiwekea zenyewe, haimo. Ikiingia moja tu, meseji nzima inashuka hadi nafasi 70, tiketi ya meseji moja inakuwa mbili, na gharama inapanda. Pia mtu akitafuta "Ngongona" kwenye programu ya simu anaambiwa hakuna kituo. Suluhisho si kulikata jina la watu. Weka tahajia moja rasmi yenye ritifaa iliyonyooka, kila kituo kipewe msimbo wa herufi tatu, na mfumo ukubali tahajia zote zinazojulikana wakati wa kutafuta.

---

MsafiriWaBahi

Kabla ya kura yoyote, pitisha majina kwenye chujio la kurudiarudia. Mfano mzuri ni Makutupora. Tunayo kata ya Makutupora kaskazini mwa jiji, kwenye visima vya maji na kambi ya JKT. Halafu SGR kipande cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422, kinaishia Makutupora nyingine, ya Manyoni, Singida. Mgeni anayesoma ramani ya reli akidhani atashuka karibu na Msalato ameshapotea.

Chamwino vilevile. Kuna kata ya Chamwino jijini, na kuna Chamwino ya Ikulu, wilaya nyingine kabisa upande wa mashariki. Majengo na Sabasaba sizitaji, karibu kila mji unazo.

Toronto walikutana na hili kwenye njia ya Eglinton. Barabara za Bathurst, Dufferin na Keele zilikuwa tayari zina vituo kwenye njia ya zamani. Vituo vipya kwenye barabara hizo hizo vikapewa majina ya maeneo yake: Forest Hill, Fairbank, Keelesdale. Sisi tungefanya hivyo: jina likishatumika kwenye kituo chochote cha reli nchini, lishuke ngazi, kutoka kata kwenda mtaa.

---

Kisima_cha_Hazina

Mbona mnakwepa majina ya watu? SGR Dar es Salaam ni Stesheni ya Magufuli, Dodoma ni Stesheni ya Samia Suluhu Hassan. Ni heshima, na vijana wanajifunza historia. Mkibaki na majina ya mitaa tu, mji hausemi chochote kuhusu walioujenga.

---

ReliYaKati

Mkuu Kisima, heshima haina ubishi. Tofauti ni kwamba stesheni ya masafa marefu inasaidiwa na jina la mji: ukisema Dodoma, umefika. Njia ya mjini yenye vituo 12 haina msaada huo, jina lenyewe ndilo linalokuonesha ulipo.

Halafu angalia Cairo. Kituo cha Mubarak kilibadilishwa kuwa Al-Shohadaa, Mashahidi, mwaka 2011. Vya Nasser na Sadat, waliokuwa wameshafariki, vimebaki. Ukitaka jina la mtu, weka sharti la miaka kadhaa baada ya kifo, na liwe jina la pili chini ya jina la mahali.

Wanaofikiria kuuza jina kwa kampuni wafike Dubai. Kituo kimoja cha njia yao nyekundu kimeitwa Noor Islamic Bank, kikawa Noor Bank, kikawa Al Safa, kikawa Onpassive. Kila badiliko ni vibao, ramani ndani ya kila behewa, sauti za matangazo, skrini na programu za simu, tena siku moja, la sivyo ramani inasema hivi na spika vile.

---

MezaYaRamani

Asanteni. Naona A imekufa yenyewe. Ninachoelekea ni B kwa uamuzi na C kwa uthibitisho: utafiti wa BiKauli wiki 3, chujio la Msafiri na majaribio ya KibaoChuma wiki 2, orodha fupi ya majina yasiyozidi 3 kwa kituo, kura wiki 2, kisha kata na madiwani. Melbourne mwaka 2017 walipokea mapendekezo zaidi ya 50,000 kwa vituo vitano tu, na majina ya mchoro kama CBD North na CBD South yakawa State Library na Town Hall. Kwa hiyo inawezekana kuyang'oa, mradi kazi ifanyike kabla vibao havijaagizwa.

---

BiKauli

Umegeuza mpangilio, mkuu. Mkutano wa mtaa ukija mwisho unakuwa muhuri tu, na watu wakigundua watakataa hata jina zuri. Uanze na mkutano: mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wasome vigezo hadharani (nafasi 14, lisirudiwe, mtu aliye hai hapana), na muhtasari uoneshe walioafiki na waliopinga. Wazee waulizwe hapo hapo tahajia na maana ya jina la Kigogo, si baada ya kibao kuchongwa. Kata na madiwani ndio wabaki mwishoni.

Na kura isiwe ya mtandaoni peke yake. Weka karatasi ofisi ya mtaa na zahanati, na kila kura iandike mtaa anaoishi mpiga kura. Kituo cha Ntyuka kisipewe jina na watu wa Area D.

---

KibaoChuma

Na kabla ya kuagiza vibao, chapisha jina kwenye turubai, litundike eneo la kituo siku 14. Kosa la ritifaa kwenye turubai unalirekebisha kwa kuchapisha upya. Kwenye bati lililokatwa herufi, unanunua bati jingine.