Matembezi ya kila mwezi katika milima ya Uluguru: tufanyeje ili asiachwe mtu?

Mkazi wa Kihonda

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Sisi ni majirani wa mtaa mmoja hapa Morogoro, vijana kwa wazee, na tumekubaliana kupanda pamoja njia ya Morningside mara moja kila mwezi. Shida ni kwamba vijana hutangulia kwa kasi, akina mama watu wazima hubaki nyuma, na baadhi yao sasa hutoa udhuru siku ya safari ikikaribia. Wapo pia wanaotaka twende hadi kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, ilhali mji wetu uko kwenye takriban mita 500. Naomba ushauri kuhusu mwendo, siku na njia.

Mwalimu mstaafu

Marahaba. Mwendo wa kundi hupangwa na yule mwenye pumzi ndogo kuliko wote, kwa hiyo mwekeni huyo karibu kabisa na mwongoza njia. Kijana mwenye nguvu kuliko wenzake akae mwisho, abebe maji ya akiba na vifaa vya huduma ya kwanza, na isiruhusiwe mtu yeyote kubaki nyuma yake. Kazi hiyo itangazeni mbele ya wote kuwa ni ya heshima, naye ataipenda.

Kwenye kila njia panda wa mbele wasimame. Hapa ndipo makundi mengi yanapokosea: aliyechelewa akitokeza tu, waliokwisha kupumzika huinuka na kuondoka, hivyo anayehitaji mapumziko kuliko wote ndiye asiyeyapata hata kidogo. Subirini akae, anywe maji, na yeye mwenyewe ndiye aseme twendeni. Mkilishika hili moja tu, naamini akina mama hao watarudi.

Mzaliwa wa Mbete

Naongezea kwa upande wetu wenyeji. Njia mnazopita ndizo barabara zetu za sokoni. Asubuhi mtakutana na akina mama wanaoshuka na mboga na ndizi kichwani, na mwenye mzigo hapishi: ninyi ndio msimame, tena upande wa mlimani, si ukingoni kwenye bonde, kisha msalimie. Kundi kubwa likijaa njiani huku likipiga picha humlazimisha mama huyo kukanyaga pembeni, penye udongo unaoteleza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, basi chagueni ya pili. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tembeeni maeneo ya chini tu.

Mpanda milima wa Bigwa

Kuhusu Lupanga, nashauri isiwe safari ya kila mwezi wala ya kila mtu. Njia yake ni ya mteremko mkali, yenye mizizi ya kushikilia kwa mikono, na kilele kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo ombeni kibali mapema na mchukue mwongoza njia anayeijua.

Kabla ya kuondoka kubalianeni saa ya kugeuka. Mkianza saa 12 asubuhi, saa 6 mchana ikifika mgeuke popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana, kwa sababu ukungu huweza kuufunika msitu na kuficha njia, na kushuka mkiwa mmechoka ndiko kunakovunja watu miguu.

Mkazi wa Kihonda

Nawashukuru sana. Tutabaki na Morningside, Jumamosi ya pili. Je, watoto wa miaka kumi waje?

Mwalimu mstaafu

Waje, kila mmoja na mzazi wake, wavae viatu vya kufunga badala ya ndala. Mwongoza njia ahesabu watu wote mnapoanza, mnapogeuka na mnapofika chini.