Databesi yangu imehamishiwa ng'ambo bila kuniuliza, halafu naambiwa tovuti yangu ni nzito

Wakuu, hii ni wiki ya pili silali vizuri, kwa hiyo mnivumilie.

Nina duka la mtandaoni. Miaka mitatu tovuti na databesi vimekaa kwenye seva moja, sijawahi kusumbuka. Ghafla ukurasa wa bidhaa ukaanza kujikokota: sekunde kumi, kumi na moja. Nikafungua tiketi kwa hawa wanaonihifadhia. Jibu: punguza plagini, zile programu ndogo za nyongeza. Nikapunguza. Jibu la pili: weka kache, yaani ukurasa uhifadhiwe ukiwa tayari na kila mgeni apewe nakala hiyohiyo. Nikaweka, ukurasa wa mbele ukapona, lakini kikapu na malipo viko vilevile, maana kikapu cha kila mteja ni chake, utamhifadhia nani cha mwenzake? Jibu la tatu ndilo lililonimaliza: nilipie kifurushi kikubwa, RAM (kumbukumbu ya seva) mara mbili.

RAM! Prosesa haifiki hata asilimia 5, seva imekaa tu inasubiri. Nikafungua faili la mipangilio. Pale palipoandikwa localhost siku zote, yaani databesi iko mashine hiihii, nakuta anwani nisiyoijua. Wameibadilisha wenyewe, hata ujumbe wa mstari mmoja hakuna. Naipigia ping, kupima muda wa kwenda na kurudi: milisekunde 84.

Pigeni hesabu na mimi. Ukurasa ule unaiuliza databesi mara 130, swali baada ya swali. Vyote vikiwa mashine moja, swali jepesi linapita kwenye soketi ya ndani na jibu linarudi kabla milisekunde moja haijaisha. Sasa 130 mara 84 ni karibu sekunde 11. Ndizo hizohizo wateja wanazonitukania! Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hapo ruta hazijachukua chao. RAM gani inafupisha bahari?

Najua kuna mtu ataniambia maswali 130 ni uzembe. Sawa, kosa langu: orodha ilikuwa inachota bei ya bidhaa mojamoja ndani ya kitanzi. Nimekesha nikaunganisha kwa JOIN, swali moja linachota bei zote kwa pamoja, yamebaki 9. Bado ni robo tatu ya sekunde kabla ukurasa haujaanza hata kuchorwa.

Na msinielewe vibaya, sipingi kutenganisha. Databesi ikiwa na mashine yake, jengo lilelile, mtandao wa ndani, ni jambo zuri tu: tovuti ikizidiwa na wageni haiinyang'anyi kumbukumbu. Hawa wameitenganisha kwa bara zima.

Nikaona niipandishe nakala ya majaribio kwenye seva nyingine, nikawaomba databesi iruhusu IP yake tu, yaani anwani ya seva hiyo moja. Wakanijibu nimpe mtumiaji wa databesi ruhusa ya '%', yaani aingie kutoka popote duniani, na mlango 3306, ule wa databesi, wataufungua wao. Majina na oda za wateja wangu ziko humo! Nikauliza, je, kati ya seva ya tovuti na ya databesi kuna TLS, yaani data inafichwa ikiwa njiani? Siku ya nne leo, kimya.

Juzi databesi ikazimika saa nzima. Tovuti inaonyesha maandishi ya kushindwa kuunganishwa, wao wananiambia seva ya tovuti iko hewani, kwa hiyo ahadi yao ya asilimia 99.9 haijavunjwa. Kumbe kila upande una asilimia yake! Asilimia 99.9 ni dakika 43 za kuzimika kwa mwezi. Ukiwa na pande mbili, na kila moja ikizimika kwa zamu yake, ni dakika 86, na mteja hajali ni upande gani umekufa.

Nimeshatoa dampo (nakala nzima) la databesi, nahama. Swali langu kwa waliowahi kupita hapa: nilishalipia mwaka mzima, imebaki miezi saba. Mkataba unasema wanaweza "kuboresha miundombinu" bila taarifa. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela yake kwa kesi kama hii, na aliwabana kwa kipengele gani?